Miruka na Chebilat: Taasubi za Kikabila Zitazamwavyo Kutoka Nyamira

Husemwa mara nyingi katika vikao vya wazee na katika majukwaa ya siasa ya Nyamira ya kwamba huku kwetu hakuna ukabila, na ya kwamba maradhi hayo ni ya Bonde la Ufa, ya Nairobi na ya pwani, ambako watu wa asili mbalimbali wamekusanyika na kugombea mambo. Kauli hiyo hunenwa kwa nia safi, na wanaoinena huamini wayasemayo; walakini haijapata kupimwa kwa insafu. Katika nchi ambayo takriban kila mtu ni Mkisii, mwana wa Mkisii na jirani wa Mkisii, taasubi juu ya kabila la mtu haina mahali pa kushika, na kutoonekana kwake si ushahidi wa kutokuwapo kwake. Ninavyoliona jambo hili, taasubi katika Kenya haitofautiani baina ya mkoa na mkoa kwa wingi au uchache wa wema wa wakazi wake, bali kwa kile kinachogombewa mahali hapo: ardhi huku, kazi kule, na kwingineko haki yenyewe ya kuitwa mzalendo. Na Nyamira, ikitazamwa mipakani mwake na kwa wana wake walio ugenini, hutuonyesha hayo kuliko itazamwapo katikati yake.

Tuanze na hesabu. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576, na kaunti ya Kisii, ambayo Nyamira ilikatwa kwake kuwa wilaya mwaka 1989, ilikuwa na watu 1,266,860. Wakisii waliohesabiwa katika Kenya nzima walikuwa kama milioni 2.7. Hata tukijaalia kwamba kila mtu aliyehesabiwa katika kaunti hizo mbili ni Mkisii, jambo ambalo si kweli, bado wanabaki zaidi ya laki nane ambao maskani yao ni kwingine: Nakuru, Kericho, Narok, Nairobi, Mombasa na kila mji wenye shule inayohitaji mwalimu. Haya hayakuja kwa kupenda safari. Nyamira ina watu zaidi ya 650 katika kila kilomita moja ya mraba, na shamba la babu lililogawanywa kwa wana na kisha kwa wajukuu limekuwa kipande ambacho majani ya chai na migomba michache hukijaza pomoni. Basi kabila ambalo nyumbani kwake halina mgeni ni kabila ambalo karibu theluthi ya watu wake ni wageni kwa watu wengine, na mtu ambaye huku hakuwahi kuulizwa asili yake huanza kuulizwa siku ile anaposhuka katika gari mji wa mbali.

Mipaka ambayo leo tunaiona kama imeumbwa pamoja na vilima ina umri, na sehemu kubwa yake ilichorwa na serikali iliyowapanga watu kwa rangi. Waingereza waliingia Ugusii, nchi ya Wakisii, kwa silaha mwaka 1905, wakarudi tena kwa ukali mkubwa zaidi mwaka 1908 baada ya Mkisii aliyeitwa Otenyo Nyamaterere kumchoma mkuki Northcote, aliyekuwa mtawala wao pale Kisii. Ikaja kodi ya kibanda, kikaja na kipande cha utambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nacho kila aendapo, ilhali Mzungu na Mhindi hawakuulizwa kitu kama hicho. Kahawa, iliyowatajirisha walowezi, Mwafrika alikatazwa kuilima, mpaka katika miaka ya 1930 ambapo ruhusa ilitolewa kwa majaribio katika sehemu chache, na Kisii ikawa mojawapo pamoja na Meru na Embu. Huo ulikuwa ubaguzi wa rangi ulioandikwa katika sheria. Lakini hata huo haukuonwa kwa namna moja kila mahali. Kwa mtu wa pwani Mzungu alikuwa juu ya ngazi yenye vipago vingi, Mwarabu akiwa na chake, Mhindi na chake, na Mswahili akitafuta chake. Kwa mtu wa Manga au Nyamira Mzungu alikuwa bwana shauri, padri au mchungaji, na Mhindi alikuwa mwenye duka la mjini. Aliwaona siku ya baraza, siku ya kodi, siku ya kununua kaniki. Kwa yule aliyeshuka kwenda Sotik na Kericho kuchuma chai, Mzungu alikuwa tajiri mwenye shamba lisilo na mwisho, na kambi ya wafanyakazi ilikuwa mahali ambapo Mkisii, Mjaluo na Mkipsigis walijifunza kila mmoja atakavyoitwa na mwenzake.

Baina ya Wakisii na Wakipsigis serikali ile iliweka mashamba ya walowezi, yakawa ukanda wa katikati, na wazee wa pande zote mbili walikuwa na sababu ya kuukumbuka ukanda huo, kwa kuwa karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikimalizika kaumu hizo mbili zilipigana vita vikubwa pale Saosao, na Wakipsigis wakapoteza vijana wengi. Ulipokaribia uhuru, mashamba yale yalinunuliwa na kukatwa vipande kwa mpango wa skimu za makazi. Upande huu wakakaa Wakisii, ndiyo Borabu ya leo, yenye Nyansiongo na Esise na Mekenene, na upande wa pili wakakaa Wakipsigis wa Sotik. Ukanda uliokuwa wa Mzungu ukawa mstari, na pande zote mbili za mstari watu walibaki na madai. Wako Wakipsigis waaminio kwamba ardhi ya Borabu ilikuwa malisho ya babu zao kabla ya mlowezi kufika, na wako Wakisii waaminio kwamba ilikuwa yao kabla ya hapo. Sipimi hapa dai la nani lina nguvu zaidi. Ninachosema ni kwamba serikali mbili mfululizo, ile ya kikoloni na ile ya uhuru, zilikubaliana katika jambo moja, nalo ni kuigawa ardhi kwa kabila, na kwamba jirani aliyegawiwa shamba kwa sababu ya kabila lake atahofiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Tazama soko la Chebilat, katika barabara itokayo Keroka kwenda Sotik. Limeupandia mpaka. Siku za kawaida mama Mkisii huuza ndizi na mboga kwa mama Mkipsigis aliyekuja na maziwa, na vijana wa pikipiki huvuka huku na huku pasipo kufikiri kwamba wametoka kaunti moja na kuingia nyingine. Wako waliooana. Wako wanaosema lugha zote mbili kwa ufasaha hata ukashindwa kuwatambua. Lakini mwaka 1992, siasa ya vyama vingi iliporudi na viongozi wakubwa wakahubiri kwamba Bonde la Ufa lina wenyewe, mpaka huu uliwaka moto. Ukawaka tena mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka yakateketezwa, mifugo ikachukuliwa, na vijana wa Kisii waliojiita Chinkororo wakasimama upande mmoja na mishale na pinde kukabiliana na vijana wenye mishale na pinde upande wa pili. Aliyekuwa mteja wako Jumatatu akawa adui Alhamisi, na baada ya miezi michache akawa mteja tena. Watu wa mbali huliona jambo hili kuwa ni unafiki, nami naliona kwa namna nyingine: urafiki wa soko ni wa kweli, na hofu ya ardhi ni ya kweli, na mtu mmoja huyabeba yote mawili katika kifua kimoja mpaka atokee mwenye madaraka wa kumwambia achague.

Upande wa pili wa kaunti, unapoelekea Rachuonyo, lipo soko la Miruka, na huko jirani ni Mjaluo. Kama kuchanganyika peke yake kungeleta uadui, Miruka ingekuwa kama Chebilat. Na kama kuchanganyika peke yake kungeleta mapenzi, Chebilat ingekuwa kama Miruka. Siku ya soko mwanamke aliyetoka upande wa ziwa hutandika gunia, akamwaga omena juu yake, akapanga na samaki waliokaushwa, na mbele yake akaketi mwanamke wa Nyamira na mikungu yake ya ndizi iliyoteremshwa alfajiri; huyu hutaja bei kwa Ekegusii akiwa Mjaluo, na yule hupunguza kwa Dholuo akiwa Mkisii, na ugomvi wao wote ni shilingi kumi. Biashara ya namna hii ni ya zamani kuliko barabara. Mwenye ziwa alihitaji nafaka na jembe la mwenye kilima, na mwenye kilima alihitaji chungu na ng'ombe wa mwenye ziwa. Kila mmoja ana asichokuwa nacho mwenzake, na hilo ndilo linaloitenga Miruka na Chebilat, ambako pande zote mbili hulima na kufuga, nazo hutaka udongo ule ule.

Hata hivyo, nisije nikapamba. Taasubi ya Mkisii juu ya Mjaluo ipo, nayo si ndogo. Ila haikai katika ardhi, hukaa katika mwili na katika ndoa. Kwa kuwa Wakisii hutahiri na Wajaluo katika mila yao hawakutahiri, mwanamume Mjaluo, hata awe na wajukuu, hata awe hakimu au daktari aliyemtibu mama yako, huweza kutajwa faraghani kwa jina ambalo kijana asiyetoka jandoni huitwa. Binti akileta mchumba wa upande ule, aghalabu swali la kwanza la shangazi haliwi tabia yake wala kazi yake. Wajaluo nao wana yao, kwamba Mkisii ni mwepesi wa hasira na hodari wa uchawi, na mama Mjaluo naye humwonya mwanawe. Watu husema huu ni utani wa makabila na kwamba haudhuru. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2008, katika Naivasha na Nakuru, makundi ya vijana yaliwakamata wanaume Wajaluo na kuwatahiri kwa nguvu barabarani, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ikayapokea mambo hayo katika ushahidi wake. Waliotenda hawakutoka Nyamira. Neno la dharau waliloliweka katika kisu, walakini, ni lile lile ambalo sisi hulicheka chakulani, na mtu mwenye dhamiri hana budi kulifikiri hilo.

Na huyu Mkisii mwenyewe huonwaje akiwa ugenini? Mathalani ametoka Kebirigo na cheti chake, anatafuta chumba cha kupanga Nairobi. Mlinzi wa nyumba anamwuliza jina, anasema jina la ubatizo, na mlinzi anatabasamu na kuuliza la baba. Akishalisikia hubadilika kidogo tu, si kwa matusi, husema tu kwamba chumba kile bado mwenyewe hajaamua. Siku hizi hata kuuliza hakuhitajiwi, maana ukituma pesa kwa simu majina yako hutokea katika ujumbe, na mwenye kupokea, kabla hajasoma kiasi kilichotumwa, amekwisha kukuweka katika kabila lako. Katika redio na katika michezo ya kuchekesha Mkisii ni mtu wa kufoka na kurusha panga. Watu hucheka, na Wakisii hucheka pamoja nao. Nairobi haigombewi ardhi ya babu, hugombewa kazi, chumba na zabuni, na kwa hiyo taasubi yake ni ya maneno laini, ya simu zisizopokewa na ya nafasi ambazo zimekwisha kujazwa kabla ya tangazo kubandikwa. Ni nyepesi kuliko ile ya Chebilat kwa kuwa haichomi nyumba. Ni nzito kuliko ile kwa kuwa haina siku ya amani.

Kericho ilikusanya yote mawili, kazi na ardhi. Vizazi vya Wakisii vimechuma chai katika mashamba makubwa yale, wamezaa huko, watoto wao wamesoma huko na kujua Kikipsigis kuliko Ekegusii, na bado katika kila uchaguzi huweza kuambiwa warudi kwao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu 1,133 waliuawa nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki, Wakisii wa Kericho na Sotik walifukuzwa kwa kudhaniwa kwamba wote walimpigia kura Rais Mwai Kibaki, na wengine wakasumbuliwa Kisumu kwa dhana hiyo hiyo, ilhali kura za Wakisii ziligawanyika. Waliporudi Nyamira hawakukaa sana katika mahema. Walipokewa na ndugu, wakalala jikoni na ghalani kwa mjomba na kwa shemeji, na kwa sababu hiyo hawakuonekana katika picha wala katika mafungu ya msaada kama walioonekana wakimbizi wa kambi. Naitaja huruma hiyo kwa fahari. Lakini vilevile wako waliorejea kwenye shamba la babu wakakuta ndugu waliobaki hawana haja na mrithi mpya, na aliyekwisha kuitwa mgeni Kericho akaanza kuonwa mgeni katika uwanja aliozaliwa baba yake.

Ukitoka nyanda hizi ukashuka pwani, swali hugeuka tena. Huko mgeni ni mtu wa bara, awe Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba au Mkisii, wote kwa jina moja, na uchungu wa mwenyeji ni wa ardhi aliyoikalia tangu babu bila hati na kisha akaiona ikipewa mtu aliyeletwa na serikali. Mwezi Agosti 1997 pale Likoni uchungu huo ulitumiwa na watu wa siasa, na watu wa bara wakauawa na kufukuzwa. Kaskazini nako Msomali Mkenya, tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, amekuwa mtu wa kuthibitisha kila wakati kwamba ni raia. Mwaka 1989 Wasomali hao waliandikishwa peke yao, na mwaka 2014 maelfu yao walikusanywa katika uwanja wa Kasarani. Walimu wengi waliotoka bara, wa Ugusii wakiwamo, wameishi miongoni mwao na kufundisha watoto wao, na wengine wamepoteza maisha huko mikononi mwa magaidi. Na ilikuwa ni Msomali, mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi Desemba 2015 karibu na Mandera pale yeye na abiria wenzake Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo katika basi, naye akafa Januari iliyofuata.

Lakini hatuna haja ya kwenda Mandera kumtafuta raia anayeulizwa cheti cha babu yake. Katika mji wa Kisii upo mtaa wa Nubia, na wakazi wake wa asili ni vizazi vya askari wa Sudani ambao Waingereza waliwaleta katika majeshi yao, kama wale wa Kibera. Wamezikwa hapo babu na babu wa babu. Wanasema Kinubi nyumbani, Ekegusii sokoni na Kiswahili msikitini na shuleni. Na kijana wao akifikisha miaka kumi na minane, kwa muda mrefu alipitishwa mbele ya jopo la kumchunguza kabla ya kupewa kitambulisho, wakati kijana Mkisii wa Nyaribari au Kitutu alitazamwa jina tu. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hili. Sijamsikia mzee wetu yeyote, katika wale wasemao kwamba huku hakuna ukabila, akilitaja.

Na wako Wakisii waliokwenda mbali zaidi. Jimbo la Minnesota katika Marekani, hasa mji wa Minneapolis na viunga vyake, lina jamii kubwa ya watu waliotoka Kisii na Nyamira, na wengi wao huwahudumia wazee na wagonjwa. Mtu aliyeondoka kwao akijijua kuwa ni wa Mugirango au wa Kitutu hufika kule akaambiwa na askari wa barabarani, pasipo maneno, kwamba yeye ni mweusi, na kwamba tofauti yake na Mmarekani mweusi au na Msomali aliye jirani yake haina maana. George Floyd alipouawa na polisi katika mji huo tarehe 25 Mei 2020, wazazi wa huku walipiga simu kuuliza hali ya wana wao. Msomali, ambaye huko Nairobi hushukiwa ndani ya basi, amekuwa mwenzake katika zamu ya usiku, na Mkisii aliyepata kumshuku sasa hushukiwa pamoja naye.

Katikati ya Nyamira kwenyewe, ambako hakuna Mkipsigis wala Mnubi wa kutiliwa shaka, dhana mbaya hutafuta mtu wa karibu. Humwona wa ukoo mwingine wakati wa uchaguzi, pale ugavana unapohesabiwa baina ya Kitutu Masaba, Mugirango na Borabu kama urithi wa marehemu. Na katika nchi yetu ya Gusii kwa jumla humwona bibi mzee. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021 huko Marani wanawake wazee wanne wakauawa kwa tuhuma kama hiyo. Kiasi tunavyochukizwa na utani wa taifa unaotufanya wote wachawi, ndivyo ingetupasa kuchukizwa na yule anayeuamini utani huo hata akawasha kiberiti. Mjane asiye na mwana wa kumtetea, aliye na kishamba ambacho mtu anakitamani, ndiye mgeni wetu.

Sheria zimejaribu kuingia katika mambo haya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imekataza ubaguzi wa rangi, kabila na asili. Sheria ya utangamano ya mwaka 2008 imesema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 imetaka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Huku Nyamira husemwa kwamba sharti hilo haliwezekani, kwa kuwa wageni hawapo. Wapo. Wako Wakipsigis na Wajaluo waliozaliwa hatua chache kutoka mpaka wetu na wanaosema lugha yetu, wako watoto wa Wanubi wenye shahada zao katika mtaa ule ulio safari fupi ya matatu kutoka Nyamira mjini, na wanalo dai katika ofisi zetu kama lile ambalo mwana wetu analo katika ofisi za Nakuru na Mombasa. Tangazo la kazi linapobandikwa katika ubao wa kaunti na barua zao zikafika pamoja na za wana wetu, ndipo kauli ya kwamba huku hakuna ukabila inapopata nafasi yake ya kwanza ya kujaribiwa.